Mzaha wa Kuvuta Hewa

Msomaji, ukitoka Gilgil kwenda Nakuru utapita Kariandusi. Hapo, mwishoni mwa miaka ya 1920, Louis Leakey alivumbua mashoka ya mawe ya watu wa kale, mengine ya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Makali yale yalimfaa mwenye kuchuna mnyama, nayo yaliweza kumkata mkono. Kila chombo cha binadamu ndivyo kilivyo, na hewa zitumikazo katika uganga ni chombo pia.

Mwaka 1799, mjini Bristol, Uingereza, kijana Humphry Davy alijaribu kuvuta gesi ya kuchekesha. Mwaka uliofuata aliandika kwamba huenda ikafaa kuondoa maumivu ya kupasuliwa. Neno hilo halikushikwa. Kwa miaka zaidi ya 40 gesi ile ilikuwa mchezo wa karamu na maonyesho, na huku wagonjwa wakikatwa viungo wakiwa macho.

Desemba 1844, Horace Wells, mganga wa meno wa Hartford, Marekani, alimwona mtu aliyevuta gesi hiyo katika onyesho akiumia mguu asisikie kitu. Kesho yake Wells aling'olewa jino bila ya maumivu. Lakini baadaye alijijaribia klorofomu mara kwa mara, hata akarukwa na akili. Januari 1848 aliwadhuru watu njiani, akafungwa New York, akafia gerezani, umri wake miaka 33.

Ikiwa mjuzi alipatwa na hayo, wewe je? Tangu miaka ya 1990 watoto wa mitaani wa Nakuru na miji mingine ya Kenya wameonekana wakinusa gundi ya mafundi viatu, wapate kusahau njaa na baridi. Mvuke wake huharibu ubongo, na waweza kuusimamisha moyo ghafula, hata kwa anusaye mara ya kwanza. Mwaka 1970 daktari Millard Bass alieleza vifo 110 vya ghafula vya vijana wa Marekani waliovuta mivuke.

Wahenga walinena: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Gundi ni ya kiatu, petroli ni ya gari. Na ukimkuta mwenzako amelewa mvuke, usimcheke wala usimkimbize, kwani moyo uliovurugika hauvumilii mshtuko. Mtoe penye hewa safi, ukae naye, uagize mtu mzima aitwe upesi.