Tarehe ya Pandora, Msitu wa Mababu

Pandora ni dunia ya kubuni iliyoonekana kwa mara ya kwanza katika filamu ya Avatar ya mwaka 2009, kazi ya mwongozaji James Cameron, mzaliwa wa Kanada. Watazamaji wengi huiita sayari, lakini kwa hesabu ya nyota ni mwezi: huizunguka Polyphemus, sayari kubwa ya gesi iliyomo katika mfumo wa Alpha Centauri, jirani wa karibu kabisa wa jua letu, umbali wa miaka-nuru 4 na kitu. Chombo kinachotoka duniani husafiri karibu miaka 6, na abiria hulazwa muda wote huo katika usingizi wa baridi. Wakifika hawawezi kuvuta hewa. Asiyevaa barakoa huzimia baada ya sekunde 20 na hukata roho ndani ya dakika 4. Uvutano wa huko ni hafifu kuliko wa dunia, kwa hiyo viumbe hurefuka: miti hupita minara, na wenyeji hufika kimo cha mita 3. Wanyama wengi wana miguu 6. Giza likiingia msitu mzima hung'aa mwanga wake wenyewe, majani na kuvu na hata pale unyayo unapokanyaga.

Wenyeji ni Wana'vi, watu wa ngozi ya buluu wenye mikia na vidole 4 kila mkono. Ndiyo maana huhesabu kwa manane, si kwa makumi. Jina lao maana yake ni "watu" tu, kama lilivyo neno bantu katika lugha nyingi za Afrika. Kisogoni kila mmoja ana msuko mrefu wa nywele, na ndani ya msuko huo mna ncha za neva. Mpandaji huzifungamanisha na ncha kama hizo za mnyama wake, na tangu hapo wawili hao huhisi kwa fahamu moja. Muungano huo huitwa tsaheylu. Ikran, kiumbe arukaye ambaye kila mwindaji wa msituni hana budi kumpata kwa kupambana naye, huungana na mtu mmoja tu maisha yake yote.

Miti nayo ina njia za kuungana. Katika filamu, mtaalamu wa mimea Grace Augustine anakadiria kwamba Pandora ina miti trilioni 1, na kila mti umeungana na jirani zake kwa viungo 10,000, jumla inayopita viungo vya ubongo wa binadamu. Alichokigundua kwa vipimo, Wana'vi walikuwa wakikiishi tangu zamani kwa jina la Eywa. Eywa hakai mbali juu ya msitu. Yeye ni msitu wenyewe, pamoja na wote waliokufa humo. Kwa imani yao, uhai wote ni wa kuazimwa na siku moja hurudishwa. Mwindaji akiua huomba radhi kwa mnyama kabla ya kumchuna. Maiti huzikwa ardhini pamoja na mbegu ya mti mtakatifu, na sauti za waliotangulia husikika kwa anayeunganisha msuko wake na Mti wa Sauti. Mara nyingi dini hii imeelezwa kuwa ni kuabudu miti, na maelezo hayo yanapungukiwa na jambo la msingi. Mti unaheshimiwa kwa sababu babu yumo ndani yake. Anayeuangusha anavunja kaburi na kuchoma kumbukumbu za ukoo kwa pigo moja.

Ukoo ambao tarehe yake inajulikana zaidi ni Omatikaya, wakazi wa Kelutral, yaani Mti wa Makazi, ulioweza kuwahifadhi wote katika shina lake. Chifu wao alikuwa Eytukan. Mkewe Mo'at alikuwa tsahìk, mwenye kazi ya kufasiri matakwa ya Eywa, na binti yao Neytiri alitarajiwa kuirithi kazi hiyo. Fahari ya ukoo ni Toruk Makto, mpandaji wa toruk, mnyama mkubwa kuliko wote warukao. Tangu zama za Nyimbo za Kwanza hadi binadamu walipokuja alitokea mara 5 tu, kila mara wakati wa dhiki, akaziunganisha koo zilizofarakana. Wa mwisho kati ya hao alikuwa babu wa babu yake Neytiri. Neytiri ni kilembwe wake.

Binadamu, ambao Wana'vi huwaita Watu wa Angani, walifuata jiwe. Unobtanium hupitisha umeme bila kizuizi chochote, na ndilo linaloifanya Milima ya Haleluya ielee hewani katika nguvu za sumaku. Kilo moja huuzwa dola milioni 20. Kampuni ya RDA ilijenga ngome ya Hell's Gate, ikaleta mashine za kuchimba na askari wa kukodiwa. Pamoja nao walikuja wanasayansi waliootesha miili ya Kina'vi kwa kuchanganya vinasaba vya jamii mbili, mwili uendeshwe na binadamu aliyelala kitandani; miili hiyo ndiyo avatar. Grace alifungua shule, watoto wa Omatikaya wakajifunza Kiingereza. Shule ikafungwa baada ya kumwagika damu, na matundu ya risasi yakabaki ukutani.

Mwaka 2154 alifika Jake Sully, askari wa zamani aliyepooza miguu, kuendesha avatar badala ya pacha wake aliyeuawa. Alipewa miezi 3 kuwashawishi Omatikaya wahame, kwa kuwa chini ya Kelutral kulikuwa na hazina kubwa ya unobtanium. Badala yake alijifunza lugha, akampata ikran wake, akapokewa kuwa mmoja wa watu, akafunga ndoa na Neytiri chini ya miti mitakatifu.

Vita vilivyofuata vinaweza kuhesabiwa kwa miti. Wa kwanza kuanguka ulikuwa Mti wa Sauti, uliosukumwa na matingatinga alfajiri. Hapo vilinyamaza vizazi vizima. Wa pili ulikuwa Kelutral, uliopigwa makombora kwa amri ya Kanali Miles Quaritch, mkuu wa askari wa RDA, huku familia zikikimbia kati ya moto na majivu, na Eytukan akafa siku hiyo. Wa tatu kulengwa ulikuwa Mti wa Roho, na huo haukuwa na jiwe lolote la thamani chini yake. Quaritch aliulenga kwa sababu alikuwa amewaelewa Wana'vi vizuri kuliko wakubwa wake: ukiondoka mti huo, hakuna atakayebaki na sababu ya kupigana.

Kabla ya mapambano Jake, aliyekwisha kuwa Toruk Makto wa 6, alikwenda kwenye Mti wa Roho kuomba msaada. Alimsihi Eywa achungulie katika kumbukumbu za Grace, aliyekuwa amekufa hapo hapo mizizini, aone dunia ya binadamu ilivyokwisha kukosa kijani. Neytiri alimweleza kwamba Eywa hachukui upande wa mtu. Hulinda mizani ya uhai tu. Mafundisho hayo ndiyo kiini cha hadithi yote, na ndiyo yanayofanya kilichotokea kiwe kizito. Wapiganaji wakiwa wamekwisha kushindwa, wanyama wa msitu walitoka kwa makundi na kuyavamia majeshi ya RDA, wakubwa wa kuogofya pamoja na wale ambao siku nyingine huwindana. Neytiri alielewa mara moja kwamba Eywa amesikia. Hakuna aliyeshinda kwa ubora wa silaha. Msitu ulikuwa umepata ushahidi kutoka kwa marehemu mmoja, ukatoa hukumu. Binadamu wakafukuzwa isipokuwa wachache, na Jake akahamishiwa moja kwa moja katika mwili wa Kina'vi kupitia mizizi ya mti ule ule.

Filamu ya pili, Avatar: The Way of Water, ilitoka Desemba 2022. Binadamu wanarudi, na mioto ya vyombo vyao vinavyotua inateketeza sehemu kubwa ya misitu kabla hata hawajashuka. Jake, sasa chifu na baba wa watoto, anakabidhi uchifu na kukimbilia pwani kwa Wametkayina, wavuvi na wapiga mbizi. Huko Mti wa Roho umo chini ya bahari, na tulkun, viumbe wakubwa mfano wa nyangumi, huhesabiwa kuwa ndugu. Wawindaji wa duniani huwaua ili kutoa bongoni mwao kimiminika cha kuzuia uzee. Neteyam, mwana wa kwanza wa Jake na Neytiri, anauawa na kuzikwa baharini. Wazazi wake wanaunganisha misuko yao na mti wa chini ya maji na kumkuta huko akiwa mtoto mdogo anayefundishwa kuvua. Ni sehemu fupi, lakini hakuna inayoonyesha vizuri zaidi kinacholindwa na watu wa Pandora. Ya tatu, Avatar: Fire and Ash, ya Desemba 2025, inaleta ukoo wa Mangkwan, Wana'vi ambao makazi yao yaliangamizwa na volkano. Waliona Eywa hakuwajibu, wakamwacha, na kiongozi wao Varang akashirikiana na Quaritch. Kwa mara ya kwanza utakatifu wa Pandora unapingwa na wazaliwa wake wenyewe.

Wazo la msitu mtakatifu wa nje ya dunia lilikuwako kabla ya Cameron. Mwaka 1972 mwandishi wa Marekani Ursula K. Le Guin alitoa The Word for World Is Forest, hadithi ya sayari ya Athshe, ambayo wenyeji wake hutumia neno moja kwa maana ya msitu na ya ulimwengu. Binadamu wanafika kukata mbao na kuwafanya wenyeji watumwa. Wenyeji, ambao hawakujua kuua, wanajifunza. Le Guin aliiandika akiwa na uchungu wa vita vya Vietnam, na mwaka 1973 ilipata tuzo ya Hugo. Cameron aliandika muhtasari wake wa kwanza, wenye kurasa kama 80, mwaka 1994, akakusudia kuushughulikia baada ya filamu yake ya Titanic. Mashine za wakati huo hazikuweza kutoa picha alizozitaka, akasubiri.

Kazi iliporudi mwaka 2005, alimwajiri mtaalamu wa isimu Paul Frommer wa Chuo Kikuu cha Southern California aunde lugha. Msomaji wa Kiswahili ataipenda sarufi yake. Kiswahili hutia njeo kati ya kiambishi cha nafsi na mzizi. Kina'vi hupasua mzizi wenyewe. Taron ni kuwinda. Wakati uliopita huwa tamaron, na ujao tayaron. Jodie Holt, mwanasayansi wa mimea wa Chuo Kikuu cha California huko Riverside, alishauri kuhusu uoto, na picha nyingi zilitengenezwa na Weta Digital ya Nyuzilandi. Filamu ilizinduliwa Desemba 2009, ikachukua Oscar 3, ikapita mapato ya Titanic, na mauzo yake duniani yamezidi dola bilioni 2.7.

Athari zake zilivuka majumba ya sinema. Januari 2010 mamlaka za Zhangjiajie nchini China ziliupa mmoja wa minara yao ya mawe jina la Mlima wa Haleluya wa Avatar. Mwezi uliofuata waandamanaji wa Kipalestina wa kijiji cha Bil'in walijipaka buluu kupinga ukuta uliopita katika mashamba yao. Mwaka 2017 Disney ilifungua eneo la Pandora katika bustani yake ya wanyama huko Florida.

Uzito mkubwa zaidi ulikuwa kwa watu wenye misitu yao halisi. Mwaka 2010 Cameron alikwenda bonde la Xingu nchini Brazili, ambako wenyeji walipinga bwawa la Belo Monte. Bwawa hilo lilijengwa hata hivyo na kuanza kutoa umeme mwaka 2016. Katika jimbo la Odisha, India, Wadongria Kondh wanauheshimu mlima wa Niyamgiri kama makao ya Niyam Raja, na kampuni ya Vedanta ilitaka kuchimba boksiti juu yake. Februari 2010 shirika la Survival International lilitoa tangazo katika gazeti la Variety kumwomba Cameron awasaidie, likisema hadithi ya Pandora ndiyo yao. Miaka 3 baadaye, Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamua kwamba wanavijiji waulizwe wenyewe. Mikutano ikafanyika katika vijiji 12. Vyote 12 vilikataa, na Januari 2014 wizara ya mazingira ikautupa mpango wa mgodi.