TULIKOTOKA NA MATIBABU YETU

Historia ya kikundi chetu cha akina mama haiwezi kwenda mbali na historia ya ugonjwa. Tuulizane: ni mikopo mingapi tuliyoombana usiku kwa sababu ya mtoto au mzee?

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, huduma za afya zilikuwa bure, na zahanati zikajengwa vijijini. Lakini uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, dawa ziliadimika. Ukipimwa, unaandikiwa karatasi ukanunue mwenyewe. Bure ikabaki jina. Mwaka 1993 Serikali ikaanza uchangiaji, kwanza hospitali kubwa.

Sisi wa pwani ya Nyasa fedha yetu ina msimu: usipa wa siku za giza, mpunga, mihogo. Ugonjwa hauna msimu. Ndipo mtu anauza mbuzi kwa bei ya hasara.

Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga, Tabora. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka, na Serikali ikaongeza kiasi kile kile, yaani tele kwa tele. Sheria yake ikaja 2001. Mwaka huo huo Bima ya Taifa ilianza kwa watumishi wa Serikali, wakikatwa kwenye mshahara. Mkulima na mvuvi atakatwa wapi? Kwetu ikawa hiari, na hiari ina tatizo lake: wazima walikaa pembeni, wagonjwa wakajiunga, mfuko ukakauka.

Mwaka 2018 mfuko uliboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Kwa sisi tulio mbali na Songea, hilo halikuwa dogo. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Akina mama, bima si kitu kigeni. Mfuko wetu wa jamii ndiyo hiyo hiyo: wote tunatoa, aliyepatwa anapewa. Ila wetu ni mdogo. Malaria unaiweza, operesheni haiwezi. Wakiugua wawili wiki moja, sanduku jeupe! Kwa hiyo, katika miaka kumi ijayo, hatuna budi kuweka akiba ya kadi ya kila kaya wakati usipa umejaa, siyo siku mgonjwa yuko kitandani.

Haba na haba hujaza kibaba.