Vijiji vya Rika na Vibonzo vya Sayari za Mbali

Mwaka 1985 Hagio Moto, mchoraji mwanamke wa Kijapani, alianza kuchapisha hadithi ndefu ya picha iitwayo Marginal. Mwaka ni 2999. Ardhi imechoka, maji ni ya shida, na watu waliobaki duniani ni wanaume peke yao. Watoto wao hutoka kwa Mama mmoja anayeabudiwa, na hadithi haijafika mbali kabla Mama huyo hajauawa hadharani na mji mzima kuingiwa na kiwewe. Katika dunia hiyo mwanaume humpenda mwanaume, humtunza, humwonea wivu na kumpigania, kwa kuwa hakuna mwingine wa kupenda.

Miaka 50 kabla ya hapo, mwaka 1935, mwanaanthropolojia Monica Wilson alimfuata mumewe Godfrey katika nchi ya Wanyakyusa, wilayani Rungwe. Walifanya utafiti wao hadi mwaka 1938, na mwaka 1951 kikatoka kitabu cha Monica, Good Company. Kinaeleza nchi ambayo wanaume hawakukaa kwa ukoo bali kwa rika: waliozaliwa karibukaribu walijenga kijiji chao, wakala pamoja na kuzeeka pamoja.

Nimeziweka kazi hizi mbili bega kwa bega kwa makusudi. Wajapani walilazimika kwenda sayari nyingine au zama za mbali ili wachore dunia ya wanaume na mioyo yao. Kwa mtu wa Masukulu, huko Rungwe, nchi ya namna hiyo ilikuwa hapa hapa, kwenye migomba ya babu yake, na mpaka leo hadithi zetu za picha hazijaigusa.

Tuanze na Japani. Manga (hadithi za picha za Kijapani) tunayoijua leo imepata sura yake kwa mkono wa Tezuka Osamu, ambaye Shin Takarajima yake ilitoka mwaka 1947 na roboti wake mdogo Atomu akaanza kuruka angani mwaka 1952. Hata majarida ya wasichana yalikuwa yakichorwa zaidi na wanaume. Mambo yaligeuka mwaka 1970, Hagio na mwenzake Takemiya Keiko walipoanza kuishi nyumba moja eneo la Oizumi, Tokyo. Wachoraji wenzao wa kike walikuwa wakiingia na kutoka, wakisoma riwaya za Ulaya na hadithi za kisayansi, wakikosoana kazi. Wamekuja kuitwa Kundi la Mwaka wa 24, kwa hesabu ya enzi ya Showa, kwa sababu wengi wao walizaliwa karibu na mwaka 1949.

Kwa nini wanawake hawa walichora mapenzi ya wanaume? Katika majarida ya wakati ule msichana wa hadithini alikuwa na njia moja tu: kupendwa, kuolewa, kutii. Wapenzi wote wawili wakiwa wanaume, suala la nani amezaliwa kumtii nani linaondoka mezani, na mchoraji anaweza kuuliza upya mtu anataka nini kwa mtu mwenzake. Takemiya alikaa miaka na hadithi yake Kaze to Ki no Uta kabla ya kuruhusiwa kuichapisha mwaka 1976. Mwaka uliofuata akaanza Terra e..., hadithi ya kisayansi kuhusu wanadamu wanaotawaliwa na kompyuta na kuwawinda wenzao wenye nguvu za akili. Nadhani hadithi ya kisayansi iliwafaa kwa sababu nyepesi: kwenye sayari ya mbali hakuna mjomba wala mwalimu mkuu wa kuuliza huyu ni mtoto wa nani na kwa nini anafanya hivi.

Mwaka 1978 likazaliwa jarida la June, lililojitolea kwa hadithi za aina hiyo. Katika jarida dada lake la riwaya, Shosetsu June, kuanzia mwisho wa mwaka 1986, Yoshihara Rieko alichapisha kwa mfululizo Ai no Kusabi, riwaya yenye michoro ambayo baadaye ilifanywa filamu ya katuni. Sayari inaitwa Amoi. Kompyuta iitwayo Jupiter imetengeneza tabaka la watawala wenye nywele za dhahabu, na nje ya mji wa starehe kuna mtaa wa mabanda, Ceres, wanakoishi wasiotambuliwa na serikali. Riki ni kijana wa mabandani, Iason ni mtawala. Mtawala anamteka kijana, anammiliki, kisha anampenda kiasi cha kuvunja sheria za aliyemtengeneza. Wote wawili wanafia kwenye jengo linaloungua. Msomaji yeyote aliyekulia pembezoni mwa mji mkubwa ataijua hasira ya Riki. Hata hivyo sikubaliani na kila kilichomo: humo utumwa na kipigo vinageuzwa kuwa mlango wa mapenzi, na waigaji wengi waliokuja baadaye wakachukua kipigo wakaacha swali la utawala lililokuwa nyuma yake.

Kwangu mimi iliyo bora zaidi ni Banana Fish ya Yoshida Akimi, iliyoendelea tangu mwaka 1985 hadi 1994 na kujaza vitabu 19. Sayansi yake ni dawa moja tu, dawa inayoteka akili, ambayo mizizi yake iko kwenye vita vya Vietnam. Damu ni nyingi: magenge ya New York, bastola, usaliti. Katikati wamesimama Ash, kiongozi wa genge, na Eiji, mgeni kutoka Japani asiyejua kushika silaha. Wanachohisi hakitamkwi wazi. Kinaonekana pale mtu asiyemwamini yeyote anapoweza kulala usingizi kwa sababu mwenzake yuko chumbani. Yoshida ana subira na visanduku visivyo na maneno: uso, dirisha, mkono uliotulia mezani.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania ina historia ndefu ya hadithi za picha, ingawa wasomi wengi wameipita kama takataka za kijiweni. Mwaka 1967 Christian Gregory alianza kumchora Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru. Katika miaka hiyohiyo ya mwisho ya 1960 likaingia jarida la African Film la kampuni ya Drum, lenye hadithi za picha za kamera badala ya michoro. Shujaa wake Lance Spearman, aliyeigizwa na Jore Mkwanazi, alivaa kofia ya panama na tai ya kipepeo, akavuta sigara kubwa na kuendesha gari la Corvette. Ngumi zilirindima ukurasa kwa ukurasa, na adui yake Rabon Zollo alirudi kila alipodhaniwa amekwisha. Kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki huyo ndiye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kumwona kwenye picha akiwa na vyombo vya kisasa na akili ya kuvitumia. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, akaja na Film Tanzania, hadithi za picha za kamera kwa Kiswahili na kwa sura za watu wetu.

Kisha likaja jarida la Sani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mchoraji wake Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, alikuwa na mstari ambao hata asiyejua kusoma aliuelewa. Ndumilakuwili, Kipepe, Madenge na Lodi Lofa waliingia majumbani kama ndugu. Nakala moja ilisomwa na watu wengi, ikapita kutoka dukani hadi kilabuni, ikafika vijijini jalada likiwa limeshapotea. Baadaye James Gayo akatupa Kingo, na Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, akachapisha Abunuwasi jijini Nairobi mwaka 1996. Kwa upande wa riwaya, Elvis Musiba alikuwa ameshamtoa mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, naye Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Damu haikukosekana.

Ukizichunguza kazi hizi zote utaona kitu kimoja. Wanaume wako wawiliwawili kila mahali: mpelelezi na msaidizi wake, mlevi na rafiki yake, mjanja na mjinga. Wanakufa pamoja, wanadanganyana, wanakopeshana. Lakini moyo wa mwanaume kwa mwanaume haukupewa ukurasa hata pale ambapo hadithi nzima inasimama juu yake. Mapenzi yalitengewa mwanamke mrembo aliyeletwa kama zawadi au mtego. Kwa upande wa sheria, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaharamisha tendo la ndoa kati ya wanaume, na mwaka 1998 adhabu ilipandishwa hadi kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30. Mchapishaji mwenye akili timamu hakuligusa jambo hilo. Kenya waliojaribu walitumia filamu, na inavutia kwamba walikuwa watu walewale wa hadithi za kisayansi. Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka 2009, kuhusu dunia iliyokauka, kisha mwaka 2018 Rafiki, mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ikapigwa marufuku. Jim Chuchu alitengeneza Homecoming mwaka 2013, na mwaka 2014 Stories of Our Lives, nayo ikapigwa marufuku.

Na Rungwe? Kwa maelezo ya Wilson, mvulana wa Kinyakyusa alipofika miaka kama 10 au 11 aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na wenzake walijenga vibanda vyao pembeni. Walilima shamba la baba na kwenda kula kwa mama zao kwa zamu, kundi zima likihama kutoka jiko la mama huyu hadi la yule. Sababu waliyoitoa wazee ilikuwa heshima: mtoto mkubwa hapaswi kuwa karibu na mambo ya usiku ya wazazi wake, na mkamwana anapaswa kumkwepa baba mkwe. Wakikua, kijiji kilekile kiliendelea, wakaoa humo na kuzeekea humo. Kila baada ya miaka 30 na kitu ilifanyika ubusoka, sherehe ya kukikabidhi kizazi kipya nchi, na malafyale (machifu) wapya wakashika madaraka.

Kiini cha yote kilikuwa ukwangala, raha ya kukaa na wenzako, kula na kuzungumza. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka ya uchawi. Mwanaume alijifunza adabu na akili kwa rika lake kuliko kwa baba yake. Wengi walichelewa kuoa kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee wenye wake wengi, na Wilson aliandika kwamba kati ya wasiooa yalikuwepo mahusiano yaliyovuka urafiki, ambayo jamii iliyahesabu kuwa mambo ya ujana yanayokwisha mtu akioa. Kwa mtu mzima, wenyeji walimwambia, lingekuwa jambo la dharau. Wapo watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 waliosema picha yake ya vijiji vya rika ni nadhifu kuliko maisha yalivyokuwa, na hoja yao ina uzito. Hata ukipunguza, kinachobaki ni kikubwa.

Vita navyo havikukosekana. Wanyakyusa walipigana na Wasangu wa chifu Merere, na rika moja lilisimama vitani pamoja. Msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alipopita mwaka 1879 aliusifu usafi wa vijiji na migomba yake. Mwaka 1891 wakafika wamisionari wa Moravian na wa Berlin. Baadaye kahawa, chai, uhaba wa ardhi na safari za kwenda migodini vikavitawanya vijiji vya rika, kwa kuwa mwenye miti ya kudumu hahami tena.

Nasema wazi: hii ni hazina ya hadithi inayozidi sayari ya Amoi. Kuna vijana wanaohama kwa baba zao kujenga nchi yao, wazee wanaoshikilia ng'ombe na wanawake, siku ya kukabidhiana madaraka, mikuki, na mapenzi ya rika yasiyo na jina. Mchoraji wa Tukuyu anayesoma manga kwenye simu akiamua kuupeleka ubusoka mwaka 2999, hatakuwa amemwiga Hagio. Atakuwa amechukua chake.

Wazee wanaokumbuka simulizi za baba zao kuhusu vijiji hivyo wanazidi kupungua, na nakala za Film Tanzania na Sani za zamani zinaliwa na mchwa. Wewe uliye na mzee nyumbani, Masukulu au popote Rungwe, mrekodi mwaka huu. Ukiwa na sanduku la majarida ya zamani usiliuze kwa wafungaji karanga. Lipeleke maktaba ya karibu, na jina la aliyeyanunua liandikwe pamoja nayo.