Miradi mikubwa ya ujenzi: Jinsi vikosi hujifunza pamoja

Mradi mkubwa wa ujenzi hukutanisha kampuni nyingi, kila moja ikiwa na mazoea yake na hofu yake ya kubebeshwa lawama. Hofu hiyo ndiyo humfanya mhandisi auone ufa na kunyamaza.

Mfano unaotajwa sana ni wa uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Mnamo Oktoba 1994, mahandaki ya reli yaliyokuwa yakichimbwa chini ya uwanja huo yaliporomoka. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini kazi ilikwama. Badala ya kuvutana, shirika la BAA lililomiliki mradi liliungana na wanakandarasi wake katika kikosi kimoja cha kurekebisha uharibifu. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1998.

Funzo hilo lilitumiwa katika Jengo la Tano la abiria, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka wa 2002. Katika mkataba wake, BAA ilikubali kubeba hasara ya matatizo yasiyotarajiwa, huku wanakandarasi wakilipwa gharama halisi na faida. Kwa kuwa aliyefichua kasoro hakuogopa kushtakiwa, wasanifu, wahandisi na mafundi waliweza kusaka suluhisho kwa pamoja. Kwa mfano, kabla ya paa kuinuliwa, sehemu yake iliunganishwa kwanza kwa majaribio huko Yorkshire, na dosari zilizojitokeza zikarekebishwa mapema.

Jengo hilo lililogharimu takriban pauni bilioni 4.3 lilifunguliwa kwa abiria Machi 27, 2008, siku iliyokuwa imepangwa. Hata hivyo, siku hiyo hiyo mambo yalienda mrama. Wafanyakazi walikosa mahali pa kuegesha magari, mizigo ikarundikana na mamia ya safari zikafutwa katika siku zilizofuata. Willie Walsh, aliyekuwa mkuu wa British Airways, aliiambia kamati ya Bunge la Uingereza kwamba muda wa majaribio ulipunguzwa kwa sababu baadhi ya kazi za ujenzi zilichelewa.

Waliojenga walikuwa wamejifunza pamoja kwa miaka mingi, ilhali waliotarajiwa kuliendesha jengo hawakupata fursa hiyo kikamilifu. Ndiposa wataalamu husisitiza kwamba watumiaji wa mradi washirikishwe tangu mwanzo, na muda wa mafunzo usikatwe kazi inapochelewa. Wahenga walinena, kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.