Bei ya Jina

Mwaka 1998 nilikuwa mpishi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Portland, jimbo la Oregon, huko Marekani. Jina la kazi lilikuwa kubwa kuliko kazi yenyewe. Nilimenya viazi, nikaosha masufuria na kusukuma kigari cha chakula vyumbani. Niliyeshika naye zamu alikuwa mwanamke wa Kizungu wa miaka 39, ambaye nilizoea kumwita dada. Aliponiuliza maana ya neno hilo nilimweleza, akafurahi. Alisema hajapata kuwa dada wa mtu yeyote, kwa kadiri ajuavyo. Maneno hayo ya mwisho sikuyatilia maanani siku ile.

Mwezi wa Septemba alinionyesha barua. Ilitoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa mtafutaji wa jamaa waliopotezana. Ilisema kwamba jina la mama aliyemzaa, na mahali anapoishi, vingeweza kupatikana kwa dola 1,800, nusu ilipwe mwanzo na nusu siku jina litakapopatikana. Njia ambayo mtafutaji angepitia haikuelezwa. Fedha hizo zilizidi mshahara wetu wa mwezi mzima. "Ungekuwa wewe," akaniuliza, "ungelipa?"

Nilijibu bila kufikiri, nami nimelifikiria jibu hilo kwa zaidi ya miaka 25. Nilimwambia: "Dada, jina la mama yako hulinunui. Ni lako."

Yafaa nieleze jibu lile lilikotoka. Mimi nililelewa na shangazi yangu mjini Tanga tangu nikiwa na miaka 3. Nililala kwake, nilikula kwake, alinichapa na kunisomesha. Lakini hakuna siku niliyoitwa mtoto wake kwa maana ya kuwafuta walionizaa. Mtaani kila mtu alijua mimi ni wa nani, na asiyejua aliuliza. Kwa sisi Waislamu wa pwani jambo hili lina nguvu ya sheria. Surat al-Ahzab inaamuru watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na kila aliyekaa chuoni amesikia habari za Zaid bin Haritha, aliyekuwa akiitwa Zaid bin Muhammad kisha akarudishiwa jina la baba yake. Unaweza kumlea mtoto wa mwenzio kwa mapenzi yote, lakini nasaba yake huigusi. Sisemi kwamba kwetu hakuna siri. Zipo, na nyingine huzikwa pamoja na wenyewe. Ila siri hizo ni za watu. Sikuwa nimepata kusikia habari za kabati la serikali ambamo jina la mama wa mtu limefungiwa, na mwana mwenyewe akija kuliulizia, mtu mzima mwenye mvi, anaambiwa hana ruhusa.

Oregon ilikuwa na kabati hilo. Ilifunga vyeti vya asili vya watoto walioasiliwa mwaka 1957, na dada yangu alizaliwa 1959. Cheti alichokuwa nacho kilisema kwamba wazazi wake walezi ndio waliomzaa. Kilikuwa halali, kina mhuri, na hakikuwa kweli.

Baadaye nilipata muda wa kusoma, nikajua kwamba kabati hilo halikujengwa kwa siku moja wala kwa nia mbaya. Jimbo la Minnesota lilitangulia mwaka 1917, likaficha faili za mahakama za watoto walioasiliwa zisisomwe na umma. Shabaha ilikuwa kumkinga mtoto na midomo ya majirani na neno "mwanaharamu". Waliohusika wenyewe, yaani mtoto na wazazi, hawakufungiwa. Tangu miaka ya 1930 majimbo yakaanza kutoa cheti kipya cha kuzaliwa chenye majina ya walezi, na cha zamani kikawekwa kando. Kisha, jimbo baada ya jimbo, hata mwenye cheti akazuiwa kukiona. Ni Kansas na Alaska tu ambazo hazikupata kumfungia mtu mzima cheti chake cha asili.

Zama zilizofuata Vita Kuu ya Pili ndizo zilizolijaza kabati. Msichana asiyeolewa aliyepata mimba alipelekwa mji wa mbali, kwenye nyumba maalumu, majirani wakiambiwa amekwenda kumuuguza shangazi. Alijifungua, akatia saini, akarudi nyumbani mikono mitupu na kuambiwa asahau. Ann Fessler, ambaye mwenyewe aliasiliwa, aliwahoji wanawake hao wakiwa watu wazima, na katika kitabu chake cha 2006 anakadiria kwamba watoto waliotolewa hivyo kati ya 1945 na 1973 walifika milioni moja na nusu. Wengi wa mama hao hawakusahau.

Wakubwa wa sheria walidai siku zote kwamba kabati linamlinda mama. Hapa pana jambo moja dogo ambalo kwangu linatosha kuidhoofisha hoja yote. Cheti hakikufungwa siku mama alipomtoa mtoto. Kilifungwa siku mahakama ilipompa mtoto wazazi wapya. Mtoto ambaye hakupata wa kumwasili, akakulia katika makao ya yatima, alibaki na cheti chenye jina la mama yake wazi. Kama siri ilikuwa ya mama, mbona ilitegemea mtoto kupata nyumba?

Palipo na mlango uliofungwa hapakosi mwenye kuuza ufunguo. Wa kwanza kuupigia mlango huo kelele hakuuza kitu. Jean Paton, aliyeasiliwa na baadaye akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, alichapisha mwaka 1954 kitabu cha sauti za watu wazima walioasiliwa, wakati ambapo watu hao walidhaniwa ni watoto milele. Florence Fisher alitafuta kwa miaka 20 hata akampata mama yake, na mwaka 1971 akaanzisha chama cha ALMA mjini New York. Mwaka 1975 Emma May Vilardi akaanzisha daftari la kuandikisha wanaotafutana, bila malipo, lakini daftari la namna hiyo husaidia pale tu wote wawili wanapojiandikisha.

Kati ya hao wakazuka watafutaji wa kulipwa. Wengi walikuwa akina mama wenye subira, wakipekua vitabu vya simu, picha za wahitimu wa shule na matangazo ya vifo magazetini. Baadhi walifanya kazi kwa nauli na gharama za simu tu. Wengine walikuwa na mtu wao ofisini, au walijua kujifanya wengine kwenye simu. Mwaka 1993 Sandra Musser, mama aliyemtoa binti yake na kuandika vitabu juu ya kumtafuta, alitiwa hatiani na mahakama ya shirikisho huko Ohio katika kesi ya habari zilizopatikana kwa udanganyifu, akafungwa miezi 4. Wapo waliomwona mhalifu na wapo waliomwona shujaa. Mimi naona kwamba, kwa jinsi sheria ilivyokuwa, mteja aliyelipa hakuwa na njia ya kujua analipia subira ya mtu au wizi.

Serikali nazo zikaingia sokoni. Katika majimbo kadhaa, Washington na Colorado yakiwemo, mahakama iliteua mpatanishi wa siri. Aliyeasiliwa analipa, mpatanishi anasoma faili ambalo mlipaji haruhusiwi kulisoma, anampata mama na kumuuliza. Mama akikataa, shauri limekwisha. Mgeni amelijua jina lako na wewe uliyelipa hulijui.

Kuna kesi moja ambayo niliposoma habari zake nilikaa kimya kwa muda. Chama cha ALMA kilikwenda mahakamani kudai faili zifunguliwe, na miongoni mwa hoja zake ilikuwapo ya Rekebisho la 13 la Katiba, lile lililofuta utumwa Marekani. Walisema kumkata mtoto na wazazi wake, asijue alikotoka, ni alama mojawapo ya utumwa. Mwaka 1979 Mahakama ya Rufani ya shirikisho mjini New York ilikataa hoja zao zote. Huenda kisheria ilikuwa na haki. Walioasiliwa hawakupigwa wala kuuzwa mnadani, na wengi walipendwa. Lakini mimi nimetoka pwani ambako mtumwa alishushwa jahazini akapewa jina jipya, Songoro au Mabruki, na la kwao likaishia pale. Wapo wajukuu wao ambao hata leo wakifika hapo katika nasaba yao hugeuza mazungumzo. Hoja ile sikuweza kuicheka.

Uingereza haikungoja sana. Scotland ilimruhusu aliyeasiliwa kuona rekodi zake tangu mwaka 1930, na sheria ya 1975 ikawafungulia wa England na Wales. Mbingu hazikuanguka.

Nirudi jikoni kwetu. Majira yale Oregon ilikuwa inajiandaa kupiga kura ya wananchi juu ya jambo hilihili, iliyoitwa Hoja ya 58. Aliyeongoza kampeni ni Helen Hill, mwalimu wa sanaa, naye aliasiliwa; kampeni aliigharimia kwa sehemu kubwa kwa fedha alizorithi kwa baba yake mlezi. Hilo lilimgusa sana dada yangu. Hofu yake kuu haikuwa dola 1,800. Ilikuwa mama yake mlezi, bibi wa miaka karibu 80, ambaye alidhani angejiona ametupwa. Katika kampeni akina mama waliotoa watoto walilipia tangazo gazetini, wakaweka majina yao kamili chini, kuonyesha kwamba hawakuomba kufichwa na mtu.

Basi ushauri wangu ulipata nguvu. Usilipe, nilimwambia. Kura ikipita utapewa kwa ada ya cheti, kwa haki yako, mchana kweupe. Mimi mgeni sikuwa na kura. Nilikuwa na maneno tu, nayo niliyatumia. Novemba hoja ilipita kwa asilimia 57. Tulikula keki pale jikoni. Barua ya mtafutaji aliikunja akaitia katika mkoba.

Sheria ilikuwa ianze Desemba. Kabla haijaanza, akina mama wachache wasiotaka kutajwa walikwenda mahakamani wakisema waliahidiwa siri, na utekelezaji ukasimamishwa. Siwalaumu, waliogopa kama watu wanavyoogopa. Mwaka 1999 wote ukapita katika rufani. Kila mwezi nilimwambia asubiri kidogo, naye akasubiri. Mwisho wa Desemba mahakama ya rufani ya jimbo iliwakatalia, wakapanda juu zaidi, na njia zote ziliwafungia tarehe 30 Mei 2000. Maombi yalikuwa yamerundikana ofisini, yakaanza kutolewa.

Cheti chake kilifika katikati ya kiangazi. Jina la mama lilikuwapo, na umri wake wakati ule, miaka 19, na mji wa mashariki ya jimbo, mwendo wa saa nne au tano kwa gari. Dada yangu alimpata kwa siku mbili, katika maktaba, kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo. Alikuwa amefariki Aprili 1999.

Sikuwa na hesabu ngumu ya kufanya. Barua ilikuja Septemba. Mtafutaji aliyejua kazi yake angehitaji wiki chache. Zilikuwapo siku za Krismasi, na majira yote ya baridi.

Hakunilaumu hata mara moja. Aliniambia tu kwamba kaka aliyempata huko, mtoto wa mama huyo, alimpa kofia ya kufuma, na kwamba kaka huyo hakujua lolote. Aliniambia pia la mama yake mlezi. Bibi yule alikishika cheti, akakisoma na miwani yake, akauliza kwa nini hakuambiwa tangu mwanzo. Fedha za kumlipa mtafutaji alikuwa nazo.

Mambo yamebadilika. Tangu 2012 kampuni za vipimo vya vinasaba zimeuza kipimo cha mate kwa dola 99 au karibu yake, na wapo wajuzi wa kujitolea wanaosaidia kuyasoma majibu bure. Kwa njia hiyo dada yangu aliwapata watu wa upande wa baba. New York ilifungua kabati lake Januari 2020. Minnesota, iliyoanza kuficha mwaka 1917, ilifungua Julai 2024. Kipimo nacho kina hatari zake. Mwaka 2025 kampuni ya 23andMe ilifilisika, na mamilioni ya watu wakabaki kujiuliza mate yao yataangukia mikononi mwa nani. Na yako majimbo ambako mtu bado analipa mpatanishi.

Mwaka jana kijana wa Kitanzania aliyeoa huko alinipigia simu. Mkewe ameasiliwa, jimbo alilozaliwa bado limefunga, na mtafutaji anataka dola 3,000. Alikuwa amesikia kwamba mimi nina msimamo juu ya mambo hayo, akataka kujua mkewe alipe au asilipe, maana wanasema huenda sheria itabadilika.

Nilimuuliza mama mzazi, kama yu hai, atakuwa na umri gani. Akanyamaza kidogo, akamuuliza mkewe.

"Anasema sabini na nane."

Nilimwambia wasisubiri sheria.