Nilimpeleka Bibi Makumbusho ya Taifa, Akaniuliza Swali Likanishinda

Leo tuwaache mastaa wapumzike kidogo, tuongelee watu ambao hawajawahi kuwa mastaa na hata majina yao hatuyajui.

Ukimwambia mtu wa Dar "naenda Makumbusho", anajua unaenda kituo cha daladala kule barabara ya Bagamoyo. Kile kituo kimepata jina kwa sababu ya Kijiji cha Makumbusho, zile nyumba za asili za makabila yetu. Ninayoizungumzia mimi ni ile ya mjini, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya Botanical. Kiukweli nimepita pale mara nyingi sana nikienda Posta na sikuwahi kuingia. Nilijua ni mambo ya wanafunzi na watalii.

Sasa mwezi uliopita Bibi yangu alikuja kutoka Lindi kutibiwa macho. Ni Mmwera, ana miaka sabini na kitu, ulimi wake mkali. Alipomaliza kliniki akaniambia, "Mume wangu, mimi bahari naijua, hata kwetu ipo. Nipeleke mahali nikaone kitu." Nikaona isiwe tabu, nikamshika mkono tukaenda.

Kwanza historia ya pale kwa ufupi. Ilianzishwa mwaka 1934, ikafunguliwa kwa wananchi mwaka 1940, enzi za Mwingereza, kama kumbukumbu ya mfalme wao George V. Yaani jengo la kutunza historia yetu lilianza kwa jina la mfalme ambaye hata Kilwa haijui. Leo ni Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni.

Kitu ambacho kila mtu anakwenda kukitazama ni Zinjanthropus. Wote tulimsoma shuleni. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alikuwa anatembea Olduvai, mume wake Louis amelala kambini anaumwa, akaona mfupa na meno vimetokeza kwenye udongo. Lilikuwa fuvu la kiumbe aliyeishi miaka milioni 1.75 iliyopita, magego makubwa ajabu. Lilikaa Nairobi likifanyiwa utafiti, mwaka 1965 likarudishwa Tanzania.

Ila kuna jambo shuleni hatukuambiwa vizuri. Wengi tumekariri kwamba yule ni babu yetu. Wanasayansi wa leo wanasema ni wa ukoo wa pembeni, ambao uliisha bila kuacha kizazi. Tuseme ni kama baba mdogo ambaye hakujaliwa watoto.

Halafu angalia majina. Olduvai yenyewe imetokana na Oldupai, neno la Kimaasai la mkonge pori, wageni wakasikia vibaya wakaandika walivyosikia. Jina la kisayansi la fuvu ni boisei, kwa heshima ya Charles Boise, aliyetoa pesa za utafiti. Mtoa pesa kaingia kwenye jina, aliyeliona fuvu yupo kwenye vitabu. Je, waliokaa juani wakichimba na kuchekecha udongo siku baada ya siku? Wapo Wakamba waliotoka Kenya kwenda kufanya kazi ile. Mmoja wao, Kamoya Kimeu, alikuja kuwa mtu mkubwa. Mwaka 1964, kule Peninj karibu na Ziwa Natron, aliokota taya la chini la kiumbe wa aina hiyohiyo. Fuvu la Olduvai halikuwa na taya la chini, kwa hiyo fikiria alichofanya huyo jamaa. Dunia inamjua. Wenzake wengi haiwajui.

Tuliendelea mdogomdogo, maana Bibi anasoma kila kitu kwa kuniamrisha mimi nimsomee. Tukafika kwenye mambo ya Kilwa. Pale ndipo nilipoduwaa. Kilwa walikuwa wanatengeneza sarafu zao wenyewe, na sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilikuja kuokotwa Great Zimbabwe, mbali huko bara. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaandika habari zake. Jina la msafiri tunalo, la sultani tunalo. Fundi aliyegonga ile sarafu hatumjui. Mama aliyefinyanga chungu cha kupikia wali wa mgeni hatumjui, ingawa siku hizi wataalamu wanavipenda hivyo vigae vya vyungu kama dhahabu, kwa sababu ndivyo vinavyowaonyesha watu waliishi lini na walikula nini.

Kuna na magari ya zamani pale. Lipo Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya mkoloni, baadaye akalitumia Mwalimu. Watu hupenda sana kupiga picha hapo. Mimi nilibaki namuwaza dereva. Yule aliyekuwa anaamka alfajiri kulifuta vumbi, akasikia mazungumzo ya nyuma na kukaa kimya, alikuwa nani?

Sasa ndiyo Bibi akaniuliza lile swali. Tulikuwa tumerudi kwenye fuvu, maana alitaka kuliona tena. Akalitazama muda mrefu, kisha akasema, "Huyu wa Arusha nimemuona. Yule mjusi wetu wa Lindi yuko wapi?"

Wadau, nilitamani ardhi inimeze. Kwa sababu jibu nilikuwa nalijua: yuko Berlin.

Kwa wasiofahamu, Tendaguru ni kilima kilichopo mkoa wa Lindi, bara kidogo kutoka mjini. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani wa makumbusho ya Berlin walichimba pale mifupa ya dinosaria. Wakubwa wa msafara walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Walisafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake. Mjusi mmoja waliyemuunganisha ana urefu wa mita 13 na ushee kwenda juu, kama ghorofa nne hivi. Yupo kwenye Museum für Naturkunde, na watu kutoka dunia nzima wanakwenda kumuona.

Jiulize, tani 200 zilifikaje bandarini? Reli hapakuwa na gari hapakuwa. Mizigo ilibebwa na watu, kichwani na mabegani, wakitembea siku kadhaa porini hadi Lindi mjini ipakiwe melini. Wachimbaji na wapagazi walikuwa mamia. Na usisahau ni mwaka gani huo. Vita ya Majimaji ilikuwa imeisha 1907 tu, Wajerumani walikuwa wamechoma mashamba na maghala, njaa ikaua watu wengi kusini. Hao waliobeba ile mifupa ndio walionusurika. Mtu kazika ndugu zake juzi, leo anambebea mzigo aliyewaua.

Mmoja wao jina lake limebaki: Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, fundi haswa. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Ilichukua karibu miaka mia moja.

Nilimweleza Bibi hayo yote tukiwa tumekaa nje kwenye kivuli. Akasikiliza, akanyamaza, kisha akasema babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi wa Wajerumani. Nyumbani walikuwa wanasimulia kwamba alibeba "mawe mazito ya Mdachi" na bega lake moja lilibaki limeinama mpaka anakufa. Siwezi kuapa kwamba yale mawe ndiyo mifupa ya Tendaguru, maana kipindi kile mizigo ya Mjerumani ilikuwa mingi. Lakini kijiji chao kipo njia hiyohiyo.

Nikamuuliza, "Bibi, aliitwa nani?" Akalitaja jina. Nina miaka 25 na nilikuwa sijawahi kulisikia. Nilijua tarehe ya kuzaliwa ya George Washington kwa sababu ya chemsha bongo za kwenye simu, ila jina la baba wa babu wa mama yangu sikulijua.

Kabla ya kutoka tulipita kwenye kumbukumbu ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Hapa Dar walikufa watu 11. Wengi tunakumbuka jina la aliyepanga shambulio kuliko hata mmoja wa waliokufa. Bibi akasimama akawaombea dua.

Sisemi msiende kumuona Zinj. Nendeni, mpeleke na watoto, kiingilio kwa Mtanzania hakiumizi. Ila ukisimama mbele ya kioo, ukishasoma jina lililoandikwa, jiulize nani alibeba, nani alipika, nani alichimba. Na kuhusu mjusi wetu, kama arudi au abaki, mjadala huo ni mrefu na una pande zake. Mimi ningeanza na majina ya waliombeba.

Nimenunua daftari. Kila jioni kabla hajarudi Lindi, Bibi alinitajia majina, yupi alimzaa yupi na alikuwa anafanya kazi gani. Tumefika kurasa tisa. Macho yake yamepona nusu, daktari amesema arudi mwezi wa tatu. Tutaendelea hapo.

Wewe je, baba wa babu yako aliitwa nani? Usiende Google, muulize mkubwa aliyepo nyumbani leo.