Kahawa ya Foynes

Kinywaji kinachoitwa kahawa ya Ireland, yaani kahawa kali iliyotiwa sukari na wiski kisha kufunikwa krimu, kilianzia kwa wasafiri waliokuwa wakingoja ndege. Kituo chenyewe kilikuwa Foynes, bandari ndogo ya Kaunti ya Limerick, kwenye mlango wa Mto Shannon.

Katika miaka ya 1930 viwanja vyenye njia ndefu za kurukia vilikuwa vichache, hivyo safari za mbali zilitegemea ndege zinazotua majini. Foynes ilikuwa na maji yaliyokingwa na mawimbi, nayo ipo ukingoni kabisa mwa Ulaya, mahali pa mwisho pa kujaza mafuta kabla ya Atlantiki. Ndege za majaribio zilivuka mwezi Julai 1937. Mojawapo, Caledonia, ilikuwa ya aina ileile iliyokuwa ikitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi katika safari za kutoka Southampton hadi Durban. Tarehe 9 Julai 1939 ilifika ndege ya kwanza ya abiria wa kulipa nauli kutoka New York.

Vita vilipozuka, Ireland haikuegemea upande wowote, na kijiji hicho kikawa njia panda ya wanadiplomasia, wakimbizi na maofisa wa jeshi waliovaa kiraia. Safari ilikuwa ya shida. Ndege iliyoelekea Marekani ilipambana na upepo wa mbele kwa saa nyingi, na rubani akiona mafuta hayatatosha aligeuza. Abiria waliorudi walishushwa kwenye boti ndogo hadi gatini, wakitetemeka kwa baridi na kulowa.

Mwaka 1943 mgahawa wa kituo ulikuwa chini ya Brendan O'Regan, na mpishi wake mkuu alikuwa Joe Sheridan, mzaliwa wa Castlederg. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa majira ya baridi ndege iligeuza njiani, ikatuma habari kwa simu ya upepo, na wafanyakazi waliokwisha kwenda nyumbani wakaitwa warudi. Sheridan alitaka kuwapasha joto abiria hao, akaongeza wiski katika kahawa yao.

Lakini wiski peke yake haielezi sifa ya kinywaji hicho. Ufundi wake umo katika mpangilio. Bilauri hupashwa kwanza kwa maji ya moto. Sukari hukorogwa mpaka iyeyuke, na kazi yake si utamu tu: huifanya kahawa iwe nzito kiasi cha kuibeba krimu. Krimu hupigwa kidogo, ibaki ya kumiminika, kisha hupitishwa polepole juu ya mgongo wa kijiko. Haikorogwi tena. Mnywaji huivuta kahawa ya moto kupitia krimu baridi, na hapo ndipo ladha yake ilipo.

Mwaka 1945 ndege za majini ziliacha kutumia Foynes, kazi ikahamia uwanja wa Shannon, ng'ambo ya pili ya maji. Sheridan alihamia huko pia. Mwandishi wa habari za safari Stanton Delaplane alikionja kinywaji hicho Shannon, na mwezi Novemba 1952 yeye na Jack Koeppler, mwenye baa ya Buena Vista mjini San Francisco, walijaribu kukitengeneza. Krimu ilizama kila mara. Suluhisho likatoka kwa mwenye kiwanda cha maziwa, ambaye baadaye alikuwa meya wa mji: krimu ikae saa 48 kwanza, kisha ipigwe kwa kiasi.

Sheridan mwenyewe baadaye alifanya kazi Buena Vista, akafariki mwaka 1962. Kufikia wakati huo ndege za jeti zilikuwa zimeanza kuvuka Atlantiki bila kutua Shannon kwa mafuta, na kahawa yake ilikuwa imekwisha kuenea katika baa na hoteli za nchi nyingi.